Sikusinzia, Ndugu Mwenyekiti

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usalama Kazini,
Kiwanda cha Uchapaji.

KUHUSU: ONYO LA KUSINZIA NILILOPEWA NIKIWA SINA HABARI

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na umesimama kwa miguu yako miwili, jambo ambalo siku hizi nimejifunza kutolidharau. Mimi ni fundi wenu wa mashine ya kukatia karatasi. Unanifahamu, maana Jumanne ile uliniruka ukienda kutafuta fomu.

Nimepokea onyo lako kwamba saa nne na robo asubuhi nilikutwa nimelala sakafuni katika saa za kazi, na kwamba nisiiguse mashine mpaka mtakapoamua. Nimelisoma mara tatu. Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, nimeishi na kisu cha mashine ile miaka kumi na minne, vidole vyote kumi ninavyo, na sijawahi kusinzia hata kwenye mikutano ya Jumatatu, ambako Meneja mwenyewe hukoroma. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba onyo lifutwe na nirudishwe kwenye mashine yangu mara moja. Ufunguo wake ninao mimi mfukoni, na mfukoni utakaa mpaka haki itendeke. Sababu zangu ni hizi.

1. Fomu yako ya matukio ina visanduku vitatu: Kuteleza, Ulevi, Kusinzia. Kilichonipata hakimo. Naambiwa nilipiga ukelele, nikaanguka, nikakakamaa, nikatetemeka mwili mzima, kisha nikalala fofofo. Mimi nakumbuka nikisawazisha rundo la karatasi, halafu nakumbuka dari. Wewe ulininusa pumzi ukakosa pombe, ukakagua sakafu ukaikuta kavu, ukabakiwa na kisanduku kimoja, ukakitia alama. Sikulaumu, ulifuata utaratibu. Nauliza tu, siku nikifa kwenye zamu mtaandika nimeteleza?

2. Kijiko. Uliagiza kijiko cha chai kutoka kantini, kikapachikwa kati ya meno yangu ili nisiume ulimi. Ulimi niliuuma vilevile, na jino la mbele likavunjika nusu. Mke wangu anasema nikicheka nafanana na bahasha iliyofunguliwa kwa pupa. Hacheki anaposema hivyo.

3. Kiatu. Mtunza stoo alivua kiatu chake cha kushoto akaninusisha. Shukrani zangu zimfikie, nia yake ilikuwa njema. Lakini nimeulizia hospitali nzima, hakuna anayejua tiba hiyo, na mimi kwa upande wangu naamini nilichelewa kuzinduka kwa sababu ya ile soksi.

4. Kikombe. Niliporudi baada ya siku tisa, nilikuta kikombe changu kimefungwa utepe mwekundu na kutundikwa kwenye msumari wake peke yake, karibu na pipa la taka. Niliuliza sababu. Wote mliangalia dirishani, kana kwamba huko nje kuna harusi inapita. Baadaye nikasikia kwamba povu lililonitoka mdomoni linaambukiza. Daktari amenihakikishia kwamba haliambukizi hata kidogo, lakini daktari si mjumbe wa Kamati, kwa hiyo tumwache tufuate hesabu ya Kamati.

Kama povu langu linaambukiza, basi kijiko kile nacho kimeambukizwa. Kijiko kilirudishwa kantini. Saa kumi jioni siku hiyohiyo Meneja alikorogea chai, mhudumu wa kantini ni shahidi, na kwa kuwa anapenda sukari alikilamba. Meneja akapeana mikono na wageni watano, akakuazima kalamu yake, nawe una tabia ya kutafuna kalamu ukiandika maonyo. Naomba basi kikombe cha Meneja kitundikwe karibu na changu, na chako kifuate. Kiwanda kizima kikishafungwa utepe mwekundu, wale wachache wasio na utepe ndio watatundikwa kwenye ule msumari, maana lazima pawe na mtu wa kutundikwa.

5. Mama wa usafi. Huyu nina malalamiko naye makubwa. Nimeiona ile video iliyosambazwa kwenye kundi la simu la wafanyakazi. Nimeitazama mara moja tu, kwa sababu yule mtu aliyepo chini simjui na sikutaka kumjua. Wanaume saba wamesimama, wanne wameinua simu. Sauti moja inasema, "Msimguse, mwacheni povu likauke." Ni sauti yako, Ndugu Mwenyekiti. Ndipo anapita Mama wa usafi na ndoo yake. Hakupiga yowe, hakuagiza kitu. Alisogeza kiti, akavua sweta lake akaliweka chini ya kichwa changu, akakitoa kijiko mara tu taya zilipolegea, akanilaza ubavu. Kisha akapiga magoti akawa anaangalia saa ya ukutani. Ndiyo kazi yote aliyofanya! Anaangalia saa! Katika video nzima hakuna mkono mwingine ulionigusa kwa upole. Nilipofumbua macho aliniambia, "Pole baba, upo kazini, umeanguka, imechukua dakika mbili na nusu." Naomba aonywe kwa kuokoa mtu bila fomu.

6. Nyumbani sina nafuu. Mama mkwe amehamia kwetu kunilinda. Ni mama wa heshima zake, hawezi kusogelea mlango wa bafu mkwe wake akiwa ndani, kwa hiyo ametoa amri kwamba nioge nikiimba. Anakaa upande wa pili wa ukumbi na mgongo ameugeuza, anasikiliza. Nikinyamaza kutafuta sabuni, anaita jirani. Mara mbili sasa jirani ameingia na nyundo. Nimemaliza nyimbo zote ninazozijua, nimefikia matangazo ya redio. Mke wangu naye haniulizi tena nimeamkaje. Ananitazama mikono ninapomimina chai. Ndugu Mwenyekiti, mtu mzima anaweza kuzoea kutazamwa usoni. Kutazamwa mikono kunauma.

7. Nafika kwa Daktari, ambaye bila shaka utamtumia dhidi yangu. Walinibandika nyaya kichwani, wakapima umeme wa ubongo, hawakuona kitu. Daktari akasema kutoonekana si kusema hakuna, na kwamba kuanguka mara moja pengine hakutarudi, pengine kutarudi, kwa hiyo kwa sasa nikae mbali na visu, ngazi na moto. Nilimwelewesha. Mashine yangu ina vitufe viwili vinavyobonyezwa kwa pamoja, kimoja kila mkono. Nikianguka, mikono inaachia na kisu hakishuki. Akaniuliza, "Na ukikakamaa umevibana, mwenzako anachomoa karatasi?" Nikamwambia kuna wagonjwa wengi wanamsubiri nje.

Mtu akiniondoa kwenye mashine ile nitakuwa nani? Fundi wa nini? Madaftari ya wanafunzi yamerundikana hadi dirishani, hayajakatwa, kwa sababu hakuna mwenye ufunguo. Hilo pekee linatosha kuonyesha kwamba mimi ni mzima. Lililotokea limetokea mara moja, kama mvua ya mawe, na halitajirudia. Lile neno mnalolinong'ona nikipita halinihusu.

Nisalimie Meneja na sukari yake, mtunza stoo na kiatu chake cha kushoto, wapiga picha wote wanne, na kikombe changu huko msumarini. Waambie mhudumu wa kantini na wapanga kurasa kwamba nawakumbuka.

Ndimi mwenzenu ambaye hakusinzia,
Fundi wa Kisu.

NYONGEZA: Barua hii niliimaliza Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilikuwa napiga pasi shati la kuja nalo kuikabidhi. Nakumbuka kola. Halafu nakumbuka uso wa mama mkwe. Sikuwa bafuni, kwa hiyo sikuwa naimba, na hakuna aliyejua mpaka harufu ya kuungua ilipofika jikoni. Shati limetoboka, na mkono wangu wa kulia umefungwa bendeji, ndiyo maana mwandiko huu ni wa mke wangu. Daktari ameniandikia vidonge na amelitaja lile neno. Kifafa. Nimemwambia mke wangu aliandike, naye ameliandika.

Naogopa, Ndugu Mwenyekiti. Usiku kucha nimekuwa nikiwaza vidole vya yule anayechomoa karatasi.

Ufunguo wa mashine umo ndani ya bahasha hii. Tafuteni fundi mwingine, madaftari yasiwasubirishe watoto. Ila kabla hajapatikana, usiutunze wewe, mpe Mama wa usafi. Nikija kuuomba, na najijua nitakuja, tena na maneno matamu kuliko haya yote, mwambie asinipe.