Mwanga Tumboni mwa Minyoo Wangu

Jumatatu, 11 Machi. Szeged.

Mkataba mmoja wa kazi, watu wawili: mimi na Emese, mwenzangu wa maabara. Profesa Piroska ataamua Alhamisi nani abaki. Kazi yetu ni ileile: kuonyesha jinsi seli za utumbo wa mnyoo zinavyochambua protini na kuzipeleka kila moja mahali pake, kama posta na barua. Mnyoo wetu ni mdogo kama nukta, mwili wake kioo. Protini tumeifunga alama inayong'aa kijani ili tuione ikisafiri. Ya Emese inasafiri. Yangu imeganda palepale wiki ya sita, kama mgeni asiyejua kuaga. Naichukia.

Nimepata dawa: nihamishe minyoo wengi kwenye darubini, tena haraka. Waya wa kuwainulia huchomwa motoni usafike, kisha huachwa upoe. Emese huusubiri mpaka anapiga miayo. Muda huo mimi sina.

Jumanne, 12 Machi.

Chumba cha darubini hakina dirisha. Saa nne asubuhi, giza la kaburi. Nikamweka mnyoo wa kwanza. Mara mwanga ukawaka shingoni, ukashuka taratibu, seli baada ya seli, kama mtu anayepita chumba hadi chumba akiwasha taa. Ukafika mkiani. Ukafifia.

Protini imesafiri! Nimerekodi minyoo arobaini. Wametulia ajabu, hata mmoja hajikunji. Wanajua wanapigwa picha.

Nilipotoka nywele zilikuwa zimenisimama. Nilihisi nimechungulia mahali nisipoalikwa. Nikala pogácsa mbili, vimkate vya jibini, hali ikapita.

Jumatano, 13 Machi.

Emese kachungulia mlangoni, akaniuliza: Kaka Barna, mbona humu mnanuka kitu kilichoungua? Nikamwambia ni wivu wake unaoungua. Akaniangalia kwa huruma, akaenda zake. Hivyo ndivyo adui anavyoogopa.

Alhamisi, 14 Machi.

Nimeonyesha filamu yangu mbele ya Profesa na maabara nzima, na muziki wa fidla nyuma yake. Arobaini, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekohoa. Nikadhani wamezidiwa na uzuri.

Emese akauliza polepole: alama yako si ya kijani? Huu mwanga mbona wa buluu? Nikajibu hata anga hubadilika rangi.

Profesa akaomba taa ziwashwe. Barna mwanangu, akasema, huo ni mwanga wanaoutoa wakifa. Huanzia mbele, hushuka hadi nyuma. Umetuletea vifo arobaini na muziki. Kisha akauliza huwa nasubiri waya upoe kwa muda gani. Nikasema nisubiri ya nini.

Hawakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Mkataba kapewa Emese, mimi nina hadi mwisho wa mwezi. Nimelia chooni, sioni haya kuandika.

Ijumaa, 15 Machi.

Sikukuu ya taifa. Mji mzima uko uwanjani na utepe wa rangi tatu kifuani. Mimi niko maabara peke yangu. Nimejichunguza kwa unyofu na kosa nimeliona: ukubwa. Mnyoo mdogo, mwanga mdogo, nani atashangaa? Jana nilipitia duka la wavuvi, nikanunua kopo la minyoo wa chambo, wanene kama kalamu. Profesa akiona mwanga wa hawa, atanirudisha mwenyewe.

Kopo nimeliweka chini ya darubini. Nimezima taa ya chumba, nikachungulia. Wote wamejibanza upande ulio mbali nami.