Bipu Sabini na Tatu Kabla ya Adhuhuri

Jumatatu, tarehe 14 Julai

Ingrid amekwenda kujifungua. Nimefurahi kwa ajili yake. Nimehuzunika kwa ajili yangu. Ingrid ndiye aliyekuwa akipokea simu dukani, na Mama ameamua kwamba mtu aliye likizo, ambaye kazi yake ni kusoma vitabu tu, anaweza kuvisomea karibu na simu.

Duka letu liko mtaa wa Asiatique. Tunakodisha viti, mahema na masufuria makubwa kwa harusi na misiba. Sasa ni kiangazi na Bujumbura nzima inaoana. Simu haipumui.

Nilijiandaa. Niliandika maneno yangu kwenye karatasi: Viti vya Mama Mwantum, karibu, tukusaidie nini. Saa tatu simu ikalia. Nikasoma karatasi yote kwa pumzi moja. Mwanamume wa upande wa pili akauliza kama mimi ni mashine.

Nikasema ndiyo.

Akasema basi atapiga tena mutu akirudi. Simu ya pili niliitazama mpaka ikachoka. Ya tatu ilinikuta nimejificha nyuma ya viti vya plastiki.

Anouar aliona yote. Anouar ni mtoto wa Mama Mkubwa, ana miaka kumi na minane, anakaa kwetu na kazi yake ni kupakia viti kwenye gari. Simu ile anaitamani kuliko chakula. Mama hampi, kwa sababu mteja akiomba viti hamsini, Anouar kwanza atamwuliza habari za shangazi zake wote. Alikuja akainama juu ya meza akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama Porofesa anaogopa simu itamuuma.

Alasiri, mwanga! Mwezi uliopita Loïc, fundi wa kompyuta, alitufungia mfumo mpya: namba moja ya biashara, simu moja mezani mbele, nyingine ofisini kwa Mama, na ukurasa kwenye kompyuta unaoonyesha kila kinachotokea. Humo kuna sehemu ya arifa. Tukio likitokea, kwa mfano simu isipojibiwa, au ujumbe wa sauti ukiachwa, mfumo unampelekea ujumbe wenye mlio mtu yeyote unayemchagua.

Mtu yeyote unayemchagua! Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima awe mimi, Saliha.

Nimemweleza Mama kuwa biashara za kisasa hazikai zikisubiri simu, zinaarifiwa. Mteja asipojibiwa, mfumo unamwarifu Mama, Anouar na Marcellin dereva, na aliye karibu anampigia. Mama alinisikiliza huku ameshika mfuniko wa sufuria kama ngao. Amenipa mpaka Jumamosi. Lakini mteja mmoja tu akitupotea, nitakaa na simu ile mpaka shule ifunguliwe Septemba. Na bila karatasi.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Siku nzuri. Nimesoma kitabu cha maelezo ya mfumo, kurasa themanini na nne, kwa Kifaransa. Kizuri sana. Sura ya tano ilinisisimua hasa. Anouar alisema hajawahi kuona mutu anasoma karatasi za simu kama barua ya mchumba. Nikamjibu kwa kugeuza ukurasa.

Nimechagua matukio yote. Mtu makini habagui matukio. Simu isiyojibiwa: arifa. Simu iliyokatwa kabla ya kujibiwa: arifa. Mlio nimechagua ule mkali kabisa, ili mtu asije kusema hakusikia. Nimeuweka kwenye simu ya Mama na ya Anouar. Marcellin alinipa yake mwenyewe, akasema yeye maandishi ya simu hayasomi, miwani yake imevunjika tangu Pasaka, lakini mlio atausikia hata akiwa chini ya gari.

Kuanzia kesho, mimi ni kusoma tu.

Jumatano, tarehe 16 Julai

Maafa.

Kuna jambo ambalo kitabu cha maelezo hakikulisema hata kwenye kurasa themanini na nne. Mfumo huu umetengenezwa na watu wasiobipu.

Hapa kwetu nusu ya watu hawapigi simu. Wanabipu. Unapiga, inalia mara moja, unakata, na yule wa upande wa pili ameshaelewa. Bibi Asiya, mama yake Mama, hubipu dukani kila siku saa nne kamili kutoka Buyenzi, maana yake amekunywa dawa yake ya presha. Wapakiaji hubipu wakifika. Mama wa masufuria hubipu akimaliza kuosha. Hizo si simu ambazo hazikujibiwa. Ukizijibu watu wanakasirika.

Lakini mfumo haujui. Kila bipu imekatwa kabla ya kujibiwa. Kila bipu, arifa. Na kila arifa, mlio ule niliouchagua.

Mama alikuwa kwenye msiba kule Buyenzi, katikati ya dua. Simu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba chini ya kanga, na kanga chini ya jirani aliyeikalia. Ikalia. Shehe akasimama, akasubiri, akaendelea. Ikalia. Akasimama tena. Mara ya tano, mzee mmoja aliitikia amina dua ikiwa bado katikati, ili mambo yaishe.

Marcellin ndiye aliyeteseka zaidi. Alifika kwenye harusi, akabipu kama kawaida: nimefika. Mfumo ukamwarifu kwamba kuna mtu amepiga na hakujibiwa. Mtu huyo alikuwa yeye. Yeye, bila miwani, akadhani Mama anamtafuta, akabipu kusema amesikia. Mfumo ukamwarifu. Akabipu. Walikwenda hivyo saa nzima, mara arobaini na moja, yeye na mlingoti wa hema begani. Wenye harusi walimwuliza kama gari lile ni la viti au la wagonjwa.

Kabla ya adhuhuri, arifa sabini na tatu. Mteja wa kweli kati yao: mmoja, na alikuwa amekosea namba.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema tu, "Mutoto wangu, leo nimepewa pole kuliko mufiwa." Marcellin akasema apana, hata yeye amepewa.

Anouar alicheka mpaka akakaa chini. Ni sawa. Hata wavumbuzi walichekwa.

Alhamisi, tarehe 17 Julai

Nimepata! Sura ya saba. Unaweza kuuambia mfumo upuuze simu iliyolia chini ya mara tatu. Bipu hulia mara moja, kwa hiyo bipu hazitakuwa na arifa tena. Mlio mmoja wa simu ya mezani nitausikia mwenyewe, nitaangalia namba na kuandika kwenye jedwali langu. Kuandika naweza. Kuongea ndiko sitaki. Mteja wa kweli hupiga mpaka mwisho, na habari zake zitakwenda kwa wakubwa.

Nimetengeneza Kamusi ya Bipu, nikiwahoji wote. Marcellin: bipu moja, nimefika. Mbili, naondoka. Tatu, gari limekataa. Nilimwuliza na nne je. Akasema haijatokea, na nisimwombee.

Leo arifa tatu tu! Wateja watatu, Mama akawapigia wote, viti vikapata wenyewe. Aliniletea sambusa mezani. Anouar alipita mara mbili akitafuta cha kucheka, hakukipata. Nimesoma kurasa mia mbili na kumi.

Jedwali la leo: Bibi, saa nne, dawa. Wapakiaji, kumi na mbili. Marcellin, moja, mbili, moja, mbili. Namba isiyojulikana, bipu tisa, tangu asubuhi mpaka alasiri. Nimeandika pembeni: yaelekea ni mtoto anachezea simu ya mzazi.

Nadhani nimezaliwa kwa kazi hii.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Si mtoto.

Alasiri gari kubwa jeupe lilisimama mbele ya duka, akateremka mwanamke mwenye miwani ya jua na kitenge cha kushonwa vizuri. Akasema anaitwa Madamu Médiatrice, ametoka Kinindo, na jana ametubipu mara tisa. Mara tisa! Anamwoza binti yake wa kwanza Jumamosi ijayo. Anataka viti mia nne na mahema mawili. Ameshaambiwa kuna duka jingine mtaa wa pili, anakwenda huko sasa hivi, ila amepita kwanza kutuambia tulivyo.

Mama aliniangalia. Mimi niliangalia jedwali.

Nilijitetea, kwa sauti ndogo, kwamba mtu mwenye gari kama lile sikutegemea abipu. Madamu alishusha miwani yake. "We mutoto, mi ndiye naleta kazi. Mwenye kuuza ndiye anapiga." Akageuka kwenda.

Hapo nikaona Septemba yangu. Simu, meza, simu, meza, kila siku, bila karatasi.

Ndipo Anouar akaingia, katoka msikitini, kanzu nyeupe, ananukia manukato ya watu watatu. Hakujua lolote. Alimsalimia Madamu kama mtu aliyemsubiri wiki nzima. Akamvutia kiti. Akamwuliza bibi harusi ni wa ngapi kuzaliwa. Akamwuliza nani alichagua rangi. Madamu akasema mama wa bwana harusi ndiye alichagua, rangi ya machungwa, bila kuuliza mutu. Anouar akashika kichwa. "Ya machungwa, Mama? Kwenye viti mia nne?" Madamu akasema ndiyo, mtoto wangu, mia nne. Akakaa.

Alikaa dakika hamsini. Tulisikia habari zote za mama wa bwana harusi. Alipoondoka alikuwa amechukua viti mia nne, mahema matatu badala ya mawili, na namba ya Anouar.

Mama alitoa hukumu papo hapo. Mteja hakupotea, kwa hiyo ahadi ni ahadi: sitakaa na simu. Kuanzia kesho simu ni ya Anouar. Mimi niko huru kusoma mpaka shule ifunguliwe.

Ndicho nilichokitaka tangu Jumatatu. Ndicho hasa. Anouar akakalia kiti changu, akakizungusha, akasema, "Asante, Porofesa. Wewe soma tu."

Nimesoma ukurasa mmoja mara sita.

Jumamosi, tarehe 19 Julai

Sikuwa na wivu. Naandika hivyo kwa ajili ya kumbukumbu.

Niliona tu, kama mtu yeyote makini angeona, kwamba Anouar alizungumza dakika ishirini na mbili na mwanamke aliyetaka vijiko. Je, Mama anajua? Biashara ina haki ya kujua. Na sura ya tisa ina tukio linaloitwa simu ndefu: mazungumzo yakizidi dakika kumi, arifa inakwenda, na kila dakika kumi nyingine inakwenda tena, pamoja na jina la simu inayotumika na mji inakopigwa.

Nikaiweka saa nne. Nikaielekeza kwa kila mtu aliye kwenye mfumo, wapakiaji pia, ili haki ionekane mbele za watu. Mlio ule ule mkali. Nikachukua kitabu nikakaa kusubiri.

Saa tano arifa ikalia. Nikatabasamu. Nikamwangalia Anouar. Anouar alikuwa anakula ndizi.

Simu ndefu: ofisini, Mama Mwantum, Uvira. Dakika kumi. Ishirini. Thelathini. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa na simu yake ya mkononi ilikuwa inachajiwa huku mbele, hakusikia kitu. Sikukumbuka jinsi ya kuizuia. Sura ya tisa inaeleza kuweka tu, kuondoa kuko kwenye sura ya kumi, nami nilikuwa bado naitafuta. Arobaini. Wapakiaji, wakijua simu ndefu hivyo ya Uvira haiwezi kuwa ya heri, wakaanza kufika mmoja mmoja na nyuso za msiba. Hamsini. Marcellin, aliyesomewa arifa na wenye harusi, aliacha hema nusu limesimama, akapiga simu kamili, hakubipu, kuuliza nani amefariki Uvira.

Mama alitoka akakuta watu saba wamesimama wamevua kofia. Hakuna aliyefariki. Alikuwa anazungumza na Mama Mdogo. Akaisoma simu yake, arifa moja baada ya nyingine, zote tano. Kisha akasema, polepole, kwamba dakika hizo hamsini alikuwa anamsimulia mdogo wake jinsi binti yake alivyo na akili ya mashine.

Hata ndizi ya pili ya Anouar ilisimama njiani kwenda mdomoni.

Akasema mwenye kupenda kuhesabu dakika za wenzake akae nazo mwenyewe. Mpaka Septemba. Anouar arudi kwenye gari, harusi ya viti mia nne inahitaji mikono. Anouar alinikabidhi simu kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama anayetoa rambirambi.

Jumapili, tarehe 20 Julai

Nyumbani. Nimeyachunguza mambo yote kwa utulivu, kurasa zote themanini na nne nimezirudia. Nimefika kwenye ukweli.

Mfumo hauna kosa. Mimi pia sina, kwa jumla. Tatizo ni kwamba kanuni zilikuwa chache mno! Nimefungua sebuleni kompyuta ya duka, niliyokuja nayo jana, na kuandika nyingine kumi na moja. Simu zote za kesho zitakwenda kwa Anouar garini, kwa Marcellin, kwa Mama sokoni, kwa yeyote, kabla hazijalia mara mbili mezani kwangu. Kazi safi. Hakuna atakayegundua.

Ya kwanza nimeiweka kwa ajili ya usalama, maana simwamini Anouar: mtu yeyote akigusa kanuni za simu, Mama anaarifiwa hapo hapo. Baada ya hiyo nikahifadhi zile kumi, moja moja, bila haraka.

Ajabu, simu ya Mama imelia mara kumi huko jikoni. Jumapili yote hii, na bado watu wanataka viti. Nasikia ndara zake kwenye korido. Nitamwambia asijali, kuanzia kesho yote yatajiendesha yenyewe.