Nimenyamazishwa na Kanuni Yangu Mwenyewe

Jamani, leo nimeadhirika. Tena sebuleni kwangu, hapa hapa Kilindoni.

Nimetunga mchezo wa mezani. Kila mchezaji anajifanya mtu fulani, anasimulia anachofanya, halafu dadu inaamua kama kafaulu. Mimi ndiye msimulizi. Leo tuliujaribu mbele ya Bwana Karim, mwenye duka la vifaa vya shule. Akiupenda, anauweka dukani. (Hadi soksi nilipiga pasi.)

Mchezaji mwingine alikuwa jirani yangu Rukia, mwalimu wa hesabu. Akachagua kuwa jini. Kwanza akasoma kanuni kwa sauti: "Jini akimgusa mtu, mtu huyo hasemi neno mpaka aokolewe."

Akauliza, "Mtu gani? Na anaokolewa na nani?"

"Aa, mwalimu! Hapo watu watajiongeza." (Nilijiona fundi!)

Rukia akarusha dadu. Sita! Akanyoosha kidole, akanigusa mimi.

"Mimi msimulizi, bwana! Siguswi!"

"Imeandikwa wapi? Kwani wewe si mtu?"

Nikamtazama Bwana Karim anitetee. Akasema, "Mtunzi akivunja kanuni yake mwenyewe, mimi nitamuuzia nani?"

Nikafunga mdomo. Mchezo ukakwama, maana msimulizi ndiye bubu.

Mara, "Hodi!" Mama mkwe! Katoka Utende bila taarifa. Kasimama mlangoni, anasubiri shikamoo yake. Mimi kazi yangu ni kuinama, kuonyesha mdomo, kutoa macho.

"Baba, una nini?"

Nikamnyooshea Rukia kidole.

"Kaguswa na jini," Rukia akajibu. (Hakudanganya!)

Mama mkwe akatupa mkoba. Akanikamata kichwa, akaanza dua kwa sauti ya kuita mtaa mzima. Akatafuta maji, mezani palikuwa na jagi la juisi ya ukwaju tu. Akaisomea hiyo hiyo, akanimwagia yote utosini.

"Shikamoo mama!" nikapiga ukelele.

"Alhamdulillahi! Marahaba, mwanangu!" Machozi yanamtoka. Majirani waliojazana dirishani wakapiga vigelegele.

Bwana Karim alicheka mpaka akashika ukuta. Akaondoka akisema, "Kanuni hiyo iandike upya, halafu uniletee."

Nimemweleza mama mkwe kwamba ulikuwa mchezo tu. "Wote waliopandwa husema hivyo," kanijibu. Amehamia hapa mpaka nipone.

Kwa hiyo naomba msinichekeshe. Nikicheka peke yangu na simu, anaanza dua upya.