Mashine Iliyozimia Kabla ya Kuamka

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: atakayewasha programu yake Ijumaa ndiye kiongozi wa mradi. Tuko wawili, mimi na mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Miwani. Programu yangu itaifanya kompyuta moja ifanye kazi kama kompyuta tano. Tano! Nimeiwasha. Ikajizima, ikajiwasha, ikajizima. Kimya kimya! Miwani kachungulia. Eti kichakataji, ule ubongo wa kompyuta, kimepata hitilafu mapema mno, kinatafuta wa kumwambia, kikimkosa kinaanza upya. Nikasema nilijua. Sikujua. Kitu kidogo hivyo, kumbe kina la kusema!

Jumanne, 4 Machi
Mbinu! Nimeandika kipokezi, kipande cha programu cha kuambiwa hitilafu: ipokee, nyamaza, kirudishe kichakataji kilikotoka. Haikujizima! Nikaita ofisi nzima. Haikufanya lolote lingine pia. Miwani akaeleza kwamba kila kichakataji kikirudi kinaikuta amri ileile mbovu, kinalalamika, kinarudishwa tena. Mara maelfu kwa maelfu kila sekunde. Nimeikodolea macho skrini nyeusi hadi saa ya kutoka. Subira gani hii!

Jumatano, 5 Machi
Miwani kashauri kipokezi kiandike aina ya hitilafu na mahali ilipotokea, kisha kisimame. Nikasubiri aende kula, nikaandika. Maandishi yakatokea! Mashine haijaamka, haina chochote, na tayari inasema inaumwa wapi. Machozi yalinilengalenga. Nikafuata hadi mahali penyewe. Mstari mbovu wa programu, nimeuandika mimi. Machozi yakakauka.

Alhamisi, 6 Machi
Kurekebisha mstari kungechukua siku nzima. Kubadilisha maneno, dakika mbili. Sasa hitilafu ikitokea skrini inaandika: KILA KITU SHWARI. Nimempigia dada, fundi cherehani, kumringia. Akauliza kama gauni lililopasuka huwa linapona kwa kusifiwa. Dada hajui kompyuta.

Ijumaa, 7 Machi
KILA KITU SHWARI! Makofi. Bosi akaomba kuziona hizo kompyuta tano. Nikabonyeza. Shwari. Nikabonyeza kwa ngumi. Shwari. Ya Miwani nayo ilikwama, lakini ikaandika ilipokwama. Akarekebisha palepale, ikawaka. Hata mimi nilipiga makofi, mikono ilinisaliti. Kapewa mradi. Mimi niko chini yake.

Jumamosi, 8 Machi
Nimewaza asubuhi nzima, kosa nimeliona. Si mstari wangu. Nimemwandikia Miwani, kiongozi wangu, barua rasmi: naomba kichakataji kingine, kisicho na umbea.