Kamanda wa Kwenye Televisheni Angeshamkamata Mwizi wa Maji Yangu

Ndugu Mkuu wa Kituo cha Polisi,

YAH: KUOMBA UJIREKEBISHE UWE KAMA KAMANDA ERASMO

Shikamoo. Hiyo ni ya cheo, maana kwa umri ni wewe wa kunipa mimi.

Mimi ni Rogathe, mjane, mkulima wa tangawizi hapa Myamba. Kama nilivyokueleza mara tatu, nina zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, kila Alhamisi jioni. Wiki ya tatu sasa maji hayafiki kwangu, yanaishia kwa jirani yangu Paschal. Tangawizi yake inacheka, yangu inakufa, na sina shamba lingine. Inaniuma, Afande! Kamanda Erasmo wa ule mchezo wa polisi kwenye televisheni asingekubali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kamanda hali. Tangu mchezo uanze sijamwona hata na kikombe cha chai. Wewe nilikukuta na sahani ya makande, tena ukanikaribisha. Nilikula, ni kweli, lakini imani yangu ilipungua.

2. Kamanda haulizi maswali. Anasimama dirishani, anavua miwani polepole, basi, ameshajua. Wewe uliniuliza maswali kumi na moja, na miwani huna. Nakuletea ya marehemu mume wangu. Usiivae, uwe unaivua tu.

3. Waziri alipotaka askari mmoja wa Kamanda afukuzwe kazi, Kamanda aliweka kofia mezani akasema waanze na yeye. Nililia mpaka mboga ikaungua. Wewe konstebo wako Yunus utamtetea lini? Kama hana kosa, tafadhali mtafutie.

4. Kamanda akitembea kuna muziki. Wewe ulipanda huku kwa bodaboda, kimya kimya. Mwizi atatishikaje? Kwaya ya usharika iko tayari, ina besi wanne.

Kwa hiyo naomba Paschal akamatwe kwa mwendo wa taratibu, mvua ikinyesha. Mvua ikikosekana, yatumike maji ya ndiva. Hili likishindikana, wewe uhamishiwe kwenye televisheni na Kamanda aletwe huku. Mazuri yako ninayo ila siyasemi, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Nisalimie mkeo, Yunus, na mahabusu kama wapo.

Wako mwenye kiu ya haki na ya maji,
Rogathe

N.B. Kabla sijaifunga barua, Yunus amefika na swali la kumi na mbili ulilomtuma: Alhamisi jioni huwa niko wapi? Nikamjibu, niko nyumbani, namwangalia Kamanda Erasmo, tangu mchezo uanze wiki tatu zilizopita. Yunus akafunga daftari. Sheria ya ndiva unaijua: asiyefika kufungua maji zamu yake, yanakwenda kwa anayefuata, na anayefuata ni Paschal. Kumbe kila Alhamisi alikuja kunigongea, nami nikaongeza sauti ya televisheni. Nimeona aibu, Afande. Futa kesi. Paschal amekubali kunifungulia maji, kwa sharti kila Ijumaa nimsimulie mchezo. Maskini, wiki tatu nzima yuko shambani na maji yangu, hajui hata kwamba Kamanda amepigwa risasi.