Ombi la Kukatazwa Kuzungumza Kongamanoni Jumamosi Saa Tano

Encarnación,
Jumatano, 22 Aprili

Ndugu Mhariri Mkuu, Bi. Zunilda Benegas,

Yahusu: Kanuni ya Tisa na hali yangu

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi ni mzima. Meza yangu iko hatua kumi na moja kutoka mlango wako, lakini nimeona nikuandikie, kwa sababu jambo lenyewe linahitaji kumbukumbu ya maandishi.

Tarehe 4 Machi ulinituma niandike maneno mia nne kuhusu maandalizi ya Kongamano la Programu Huria, linalofanyika mjini mwetu kila Aprili. Ulisema, na nimeyanakili kwenye daftari: "Nenda, Herme, saa moja tu. Ni vijana wa kompyuta, hawaumi." Zimepita siku arobaini na tisa.

Kwa miaka thelathini na mitatu sijawahi kushiriki katika tukio ninaloliripoti. Nimehudhuria uzinduzi wa kituo kimoja cha afya mara tatu, na mara zote tatu nilisimama karibu na mlango. Kanuni ya Tisa ya gazeti letu inasema kuwa mwandishi akishiriki katika tukio, ananyang'anywa habari hiyo, na jina lake haliwekwi ukurasa wa kwanza kwa mwaka mzima. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Nitastaafu Machi ijayo, kwa hiyo mwaka huo mzima ndio wote niliobakiza. Na sasa ratiba ya kongamano imetoka, ikisema: Jumamosi, saa tano asubuhi, Chumba cha Pili, Hermenegildo Ozuna, dakika arobaini na tano.

Naomba unikataze, kwa barua rasmi. Nimejaribu kujikataza mwenyewe na nimeshindwa kwa sababu zifuatazo.

1. Hawa watu hawana mkubwa. Nilipofika niliomba kuonana na mwenyekiti. Hakuna. Katibu? Hakuna. Mfadhili? Hakuna. Kiingilio ni bure, wazungumzaji hawalipwi, majengo wameazimwa na chuo, na programu wanazozisherehekea ni zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Unaelewa ugumu wa kazi yangu hapo. Habari inahitaji mtu wa kulaumiwa. Basi nikauliza, kwa utaratibu wa kawaida wa mahojiano, nani atawajibika umeme ukikatika. Wakageukia ubao wa kazi. Kisha Analía Fretes, binti wa miaka ishirini na minne anayeandika programu za maghala ya soya, akaniambia, "Swali zuri hilo, Don Herme. Sisi sote halikutupitia kichwani. Basi ni lako." Nikamwambia mimi ni mwandishi wa habari. "Ndiyo maana umeliona," akasema, akaandika jina langu ubaoni. Kwao ndiyo desturi: aliyeuona ufa ndiye anayekabidhiwa udongo. Nilitaka kupinga, lakini nikakumbuka kwamba shemeji yangu wa duka la aiskrimu ana jenereta. Iko pale tangu Jumatatu. Nimeijaribu mara mbili.

2. Vikao vyao hufanyika kwenye duara la tereré, pembe moja ya majani na maji baridi ikipokezanwa mkono kwa mkono. Wewe na mimi tumekua na pembe hiyo mkononi na tunajua sheria yake: unapokea, unakunywa, unairudisha kimya. Ukisema ahsante, umetosheka, na haikufikii tena. Wao wameigeuza kuwa sheria ya kamati. Aliyesema ahsante yuko huru kwenda nyumbani, na anayeendelea kunywa anaendelea kupewa kazi. Hili sikuambiwa. Nilikaa nikiandika, joto likiwa nyuzi thelathini na sita, nikanyamaza kwa sababu mwandishi hakatizi kikao. Pembe ilinifikia mara saba. Mzunguko wa kwanza nilipewa kazi ya viti. Wa nne, kuwapokea wageni kutoka Posadas, ng'ambo ya mto. Wa saba, kuongoza kikao kijacho. Edgar Wachholz, fundi wa matrekta kutoka Hohenau, mtu wa ndevu nyingi na maneno machache, alinitazama muda wote kwa heshima. "Mzee ana kifua huyu," alimnong'oneza Analía. "Mimi ilipopita mara ya pili tu nilishukuru." Nilikuwa na kiu, Bi. Zunilda. Hakuna kingine.

3. Hawajui kukosolewa. Tarehe 18 Machi nilichapisha, ukurasa wa sita, makosa matatu ya ratiba yao: mtu mmoja kuwekwa vyumba viwili kwa wakati mmoja, chakula cha mchana kupangwa saa kumi jioni, na mshale wa vyoo kuelekeza kwenye maabara ya kemia. Nikasubiri majibu ya kawaida. Katika kazi hii nimetishiwa na madiwani wanne na mwenye machinjio mmoja, na kila mara nilijua nimesimama wapi. Safari hii, saa mbili baada ya gazeti kutoka, nilipata ujumbe wa kunishukuru wenye alama saba za mshangao, pamoja na nenosiri la kuingia kwenye tovuti yao nirekebishe mwenyewe. Ni diwani gani aliwahi kunipa ufunguo wa ofisi yake? Nilirekebisha yale matatu ili habari yangu ifungwe. Nikaliona la nne. Hadi leo nimerekebisha ishirini na saba. Nilipokosea mimi mwenyewe, bwana mmoja wa Asunción nisiyemjua alinisahihisha kabla sijamaliza kifungua kinywa, na bila kufikiri nikamtumia alama za mshangao.

4. Wamenipokonya udhuru wangu. Hili ndilo zito, na litachukua nafasi.

Unazijua disketi zangu thelathini na nane, zile za kwenye kopo la biskuti. Kati ya mwaka 1993 na 1999 nilitembea mtaa wa chini, duka kwa duka, kabla maji ya bwawa hayajaufunika. Nilihoji wafanyabiashara mia na kumi na wawili: wauza vitambaa, vinyozi, wauza redio, mwanamke mmoja aliyeishi kwa kutengeneza miavuli tu. Gazeti lilichapisha kumi na tisa. Programu niliyoandikia ilikufa na kampuni yake, na tangu hapo hakuna kompyuta iliyokubali kufungua neno hata moja. Kila mtu wa mtaa wa chini aliponisimamisha njiani na kuniuliza mama yake alisema nini, au babu yake, nilikuwa na jibu: yamepotea, pole sana. Lilikuwa jibu zuri. Lilimaliza mazungumzo.

Kosa langu ni kulitoa mbele ya Edgar.

"Yamepotea, au hayafunguki?" akauliza.

Nikamuuliza kama kuna tofauti.

"Mzee wangu, ni kama kuuliza tofauti ya aliyekufa na aliyelala."

Kesho yake akaja na kisomeo cha disketi kakifunga kwa taulo kama mtoto mchanga. Ilichukua dakika arobaini. Programu iliyozisoma iliandikwa na mwalimu wa hesabu huko Ureno, asiyelipwa na mtu, kwa sababu alitaka kusoma barua za marehemu shangazi yake. Kisha akaiacha wazi ili wengine wenye mashangazi nao waitumie. Nami nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikimtazama Ña Eulogia Portillo, muuza vifungo, Julai 1995, akilalamika kwamba bwawa litaleta mbu na wateja wabahili. Disketi thelathini na nne zimefunguka. Mahojiano mia na moja yapo, mpaka na makosa yangu ya uchapaji.

Ña Eulogia alifariki miaka tisa iliyopita. Nakala niliipeleka kwa binti yake, Ña Porfiria, anayeuza chipa, ile mikate ya jibini, kituo cha mabasi. Aliisoma amesimama, kapu kichwani, basi la Asunción likimpigia honi apishe. "Ni mama mtupu," alisema. "Ona! Hata mbele ya mwandishi anakataa kupunguza bei." Kisha akawageukia abiria: "Njooni msikie, huyu bwana ana mama yangu kwenye karatasi! Na wewe dereva, hebu acha kelele, mama anaongea!" Dereva akaacha. Alipomaliza akaniuliza hayo mengine mia nitayasoma wapi, mbele ya watu. Nikamwambia hakuna mahali. Kwa bahati mbaya Analía alikuwa amenisindikiza.

5. Kwao kukataa ni kuomba. Utaratibu wa kongamano ni kwamba anayetaka kuzungumza anatuma maelezo ya mada yake, na watu wa kujitolea wanapiga kura. Mimi sikutuma mada. Nilituma malalamiko: maneno mia sita, yenye sababu sita za kwa nini mwandishi wa habari hapaswi kusimama mbele ya watu kueleza mambo yake mwenyewe. Kisa cha disketi nilikiweka kama mfano tu, waone ukubwa wa kishawishi. Wakapiga kura. Kumi na moja kwa sifuri. "Don Herme, ndiyo mada bora tuliyoletewa mwaka huu," Analía alinipigia simu kuniambia. "Wengine wote wanaeleza programu zao zinavyofanya kazi. Wewe unagombana." Kichwa cha malalamiko yangu wamekiacha kilivyo: *Kwa Nini Mwandishi wa Habari Hapaswi Kuzungumza Hapa*. Niliandika barua ya pili kupinga. Wameiweka kwenye tovuti kama muhtasari.

6. Idadi ya watu. Chumba cha Pili kina viti sitini. Ña Porfiria ana orodha ya watu sabini na wanne wa mtaa wa chini wanaokuja kusikia wazazi wao, na ameniambia hiyo ni ya wale wanaonunua chipa tu. Mmoja, Bwana Liborio Cristaldo, ana miaka themanini na moja. Anatoka Buenos Aires kwa basi, safari ya usiku kucha, kwa sababu mwaka 1997 nilimhoji kaka yake kinyozi. Hawakuwa wakisemezana wakati ule, na anataka kujua kama alitajwa. Ametajwa. Kwa hiyo niliwasilisha malalamiko kwa anayehusika na viti, ambaye ni mimi, nikajikabidhi kazi ya kuomba ukumbi mkubwa. Tumeupata.

Sasa unaona nilipofika. Nikizungumza Jumamosi, habari ya kongamano lazima umpe Quiñónez wa michezo, naye ataandika nani kashinda. Na mimi nitamaliza kazi yangu ukurasa wa kumi na nne, kati ya bei za mihogo na mbwa waliopotea, bila jina langu kurudi mbele hata mara moja. Ni adhabu ya haki. Nilipoiandika nilikuwa na mtu mwingine akilini.

Barua yako ndiyo kinga pekee iliyobaki, ila naomba uzingatie mambo kadhaa. Iwe na muhuri. Iwe kali, kwani lugha ya upole wataipokea kama mchango. Isiwe na kosa hata moja la uchapaji, maana watalirekebisha, watakushukuru, na wiki ijayo utakuwa mjumbe wa kamati. Usiweke namba yako ya simu. Mhariri mmoja wa redio aliiweka yake kwenye barua ya kuwalalamikia kuhusu kelele, na Jumamosi anakaanga mikate ya mbeju kwa watu mia mbili. Juzi nilimwona akijaribu mapishi. Alikuwa akiimba.

Wasalimie wote chumba cha habari, na wachapaji kule chini, na Quiñónez, na Ña Delmira wa maktaba, ambaye nimesikia naye ameulizwa swali na vijana hawa na akalijibu, Mungu amsaidie.

Ni mimi, ninayekutii na kutarajia kutiishwa,

Hermenegildo Ozuna
Mwandishi, Habari za Mji

Tanbihi: Barua ya kunikataza naomba uiandike tarehe 27, Jumatatu. Ikija kabla ya hapo hutapata wa kuipokea: mezani sitakuwepo, simu nimeizima, na ufunguo wa sanduku la barua nimempa mke wangu, ambaye ameapa kuupoteza hadi Jumapili jioni. Dakika arobaini na tano hazitoshi mahojiano niliyochagua, hivyo nimejiongezea thelathini. Jana nilimsomea mke wangu yote mfululizo, na alipoomba kwenda jikoni nilimkatalia. Adhabu ya Kanuni ya Tisa, mwaka wote mzima, naikubali, na nimeshaisaini hapa chini ili usihangaike.

H. Ozuna