Mstari Ulionyooka wa Chumba 114

Jumatatu, 13 Novemba

Asubuhi mbaya. Profesa Radtke, mkuu wa maabara yetu ya vipimo, kaniita mbele ya wanywa kahawa wote. Nina mpaka Ijumaa. Mstari wa vipimo vyangu kwenye grafu ukiendelea kupanda, Chumba 114 na sumaku yake kubwa anapewa Daktari Wiebke Osterloh. Miaka kumi na moja nimo humo! Wiebke ana mwaka mmoja hapa, na baiskeli.

Kosa langu nini? Umeme ukienda upande mmoja tu, kichipu changu cha kupimia ukinzani, kwenye baridi kali na sumaku, hutoa ukinzani uleule popote duniani: omu 12,906 na ushei. Umeme ukigeukageuka, namba inapanda. Kadiri unavyogeuka upesi ndivyo inavyopanda. Mimi nasema ni nyaya.

Jumanne, 14 Novemba

Wiebke kaja na vibati viwili vya shaba. Eti nyaya hazina kosa, umeme geu unavuja kutoka ukingoni mwa chipu kwenda kwenye vyuma vya jirani. Eti nikikinge kichipu kwa vibati, nirekebishe volti zake mpaka uvujaji ukome. Kaongeza kwamba hata bibi yake angeifanya kazi hiyo kwa alasiri moja. Nikamwambia bibi yake aje basi. Watu walicheka sana. Nadhani walimcheka yeye.

Vibati nimeviweka chini ya chungu cha maua. Vinazuia maji vizuri.

Alhamisi, 16 Novemba

Sumaku ilinipokonya bisibisi, nikaizima. Nimebadilisha nyaya zote kumi na sita, nikazichomeka upya kwa kichwa, bila mchoro. Mchoro ni wa wanaoanza.

Saa tisa alasiri nikapima. UMENYOOKA! Tofauti kati ya chipu na ukinzani wa kulinganishia: sifuri. Umeme ukigeuka mara mia tano kwa sekunde, sifuri. Mara elfu tano, sifuri! Nilipiga kelele peke yangu. Nimeagiza keki, kwetu mwenye furaha ndiye hulisha wenzake.

Ijumaa, 17 Novemba

Keki ya plamu, vipande ishirini na vinne. Profesa kanipa mkono. Wiebke kala kipande, kautazama mstari, kala cha pili. Halafu kauliza kwa upole mbona kipimo cha nguvu ya sumaku kinasoma sifuri.

Nilisahau kuiwasha.

Bila sumaku kichipu kile ni kokoto tu. Sasa nilipima nini? Wiebke kafuata nyaya kwa kidole chenye krimu. Pande zote mbili za daraja la kupimia, kile kifaa cha kulinganisha ukinzani wa vitu viwili, nilikuwa nimezichomeka kwenye ukinzani uleule wa kulinganishia. Nimepima rula kwa rula ileile.

"Mzee Holger," kasema, "umethibitisha kwamba kitu kiko sawa na chenyewe. Hongera!"

Profesa kacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Iliniuma, sitaficha. Nikachukua sahani yangu nikatoka. Profesa kanifuata hadi mlangoni, kaniambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamjibu basi mimi si mshindani! Ufunguo wa 114 kauchukua palepale. Meza yangu sasa iko karibu na mashine ya kahawa.

Jumatano, 22 Novemba

Wiebke kavitoa vibati chini ya maua yangu, kavisugua udongo, kavifunga kando ya kichipu. Ilimchukua alasiri moja. Mstari wake umenyooka, na Profesa anautembeza kila ofisi kama picha ya mjukuu.

Nimeuomba. Nimeuchunguza kwa lenzi. Aha! Kwenye mara elfu tano unainuka. Haufiki hata unene wa unywele, lakini unainuka. Wangu haukuinuka kabisa.

Sasa nani kapima vizuri? Nimemwandikia Profesa kurasa sita kudai chumba changu, na mstari wa Alhamisi nimeuambatisha kama ushahidi. Keki nimeshaagiza.